Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta jinai ya kashfa mwaka 2017. Kwa nini watu bado wanalala seli kwa sababu ya posti?

#1 Mzee wa Kisauni
Wakuu, salaam.

Tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo alitamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kile kilichofanya kumkashifu mtu kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Ndiyo kesi ya Jacqueline Okuta na mwenzake, walioshtakiwa kwa mambo yaliyoandikwa Facebook. Ukinichafulia jina, nikushtaki kwa kesi ya madai unilipe fidia. Serikali haina sababu ya kukufunga kwa niaba yangu.

Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikuwa ameshakiondoa kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kesi ya Geoffrey Andare. Aprili 2017 kikafuata kifungu cha 132, cha kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma, kesi ya Robert Alai. Hukumu tatu nzito kwa muda wa kama mwaka mmoja tu.

Lakini watu bado wanashikwa kwa posti. Hizi hukumu zilienda wapi? Tafadhali msinijibu kwamba Afrika ndivyo tulivyo. Namtaka mwenye kujua jambo linavyotembea, kuanzia meza ya kituo cha polisi mpaka kwa hakimu.

#2 Chuma cha Pua
Polisi hawasomi hukumu. Uzi umeisha.

#3 Karani Mstaafu
Haujaisha, Chuma. Nimekaa masjala ya mahakama ya hakimu hadi nikastaafu, wacha nieleze nilichokiona.

Hati ya mashtaka huandikwa kituoni, na mara nyingi inanakiliwa kutoka hati ya zamani: badilisha jina, badilisha tarehe, peleka. Jaji akifuta kifungu leo, kitabu kilichoko mezani kwa yule askari hakibadiliki. Kile kitabu kimechakaa, kurasa zinatoka, na kifungu bado kimo. Mshtakiwa akija na wakili, wakili anasimama na kusema, mheshimiwa, kifungu hiki kilishafutwa, na kesi inakufa hapohapo. Asiye na wakili anasomewa shtaka, anaulizwa kweli si kweli, anasema kweli mimi ndiye niliyeandika. Anadhani anakiri kuandika, kumbe amekiri kosa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza hukumu zilienda wapi, tuulize nani alikuwa na mtu wa kumkumbusha hakimu kwamba zipo.

#4 Binti Makorora
Asante Karani, hilo la "kweli" limenishtua. Mimi niko Tanga, sheria za huko sizijui vizuri. Hicho cha 29 kilikataza nini hasa?

#5 Wakili wa Kata
Dada, kilikataza kutuma ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, au wa aibu, au wa vitisho, au wa uongo kwa nia ya kumsumbua mtu na kumtia wasiwasi. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Jaji aliona maneno ni mapana mno. Raia hawezi kujua kabla ya kuandika kama anavunja sheria au la. Na serikali ilishindwa kuonyesha kwamba kizuizi kile kinapita mtihani wa Ibara ya 24, inayotaka kila kizuizi cha haki kiwe na sababu inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia.

Sasa kwa mleta mada. Mimi sikubaliani na #2, na #3 naikubali nusu. Tatizo kubwa ni Bunge. Mei 2018, mwaka mmoja tu baada ya hukumu alizotaja, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Fungueni kifungu cha 23: kuchapisha habari za uongo zenye kuleta taharuki, *au zinazoweza kushusha hadhi ya mtu*. Faini hadi milioni 5, au kifungo hadi miaka kumi, au vyote viwili. Kile cha 194 kilichofutwa kilikuwa na kifungo kisichozidi miaka miwili! Yaani kosa lilizikwa likiwa na miaka miwili, likarudi na kumi.

Hapo polisi hana haja ya kitabu kilichochakaa. Ana kipya.

#6 Ndovu wa Tsavo
Hiyo sheria ya 2018 si ilisimamishwa na mahakama? Nakumbuka wanablogu walishinda.

#7 Wakili wa Kata
Ndovu, walishinda raundi ya kwanza tu. Chama cha Wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani na mwishoni mwa Mei 2018 Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26. Tarehe 20 Februari 2020 Jaji James Makau akaitupa kesi yenyewe, vifungu vyote vikarudi kazini. Watu wengi wanakumbuka habari ya kusimamishwa kwa sababu ndiyo iliyosambaa. Ile ya kurudi haikusambaa hivyo.

#8 Chuma cha Pua
Jaji mmoja anafuta kashfa, jaji mwingine wa mahakama ileile anaona kifungu chenye kashfa ndani yake hakina shida. Sasa raia ashike lipi?

#9 Wakili wa Kata
Ni swali zuri na linaniumiza na mimi. Majaji wa Mahakama Kuu wako ngazi moja. Hukumu ya mmoja humshawishi mwenzake, haimfungi. Hakimu wa chini yao ndiye anayefungwa. Mpaka Mahakama ya Rufaa iseme, mnaweza kuwa na mito miwili inayokwenda pande mbili.

#10 Shangazi Rehema
Mnazungumza vifungu tu, mimi nilikuwa ndani ya seli. Wacha niseme yangu.

Mtaani kwetu tulichanga pesa za kisima. Kisima hakikuchimbwa. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wakaazi kwamba mwenyekiti amekula pesa za kisima, na nikaweka picha za risiti. Ijumaa alasiri nikaitwa kituoni "kuandikisha maelezo". Nikaingia na mkoba wangu, nikatoka Jumatatu. Katiba inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama ikifunguliwa. Ijumaa alasiri mpaka Jumatatu asubuhi, hesabuni wenyewe. Jumatatu sikufikishwa popote. Nilifunguliwa, nikaambiwa nikatulie nyumbani. Simu yangu walibaki nayo majuma mengi.

Hakukuwa na hati ya mashtaka, Karani. Hakukuwa na kifungu kipya wala cha zamani, Wakili. Ile hukumu ya 2017 ingenisaidia mbele ya hakimu, na mimi hakimu sikumwona.

#11 Binti Makorora
Pole sana shangazi yangu.

#12 Kabwela
Pole Shangazi. Lakini huku nasikia ulimwita fisi 😀

#13 Shangazi Rehema
Kabwela, nilimwita mla pesa za kisima, na risiti ninazo hadi leo. Fisi aliongezewa na vijana.

#14 Karani Mstaafu
Alichosema Shangazi ndiyo adhabu yenyewe siku hizi. Ijumaa ni siku yenye kazi nyingi sana kwenye daftari la mahabusu. Wanajua kesi haina miguu, kwa hiyo hawaipeleki.

#15 Mwalimu Nguzo
Nitakwenda kinyume na wengi hapa, nistahimilieni.

Binamu yangu alipigwa picha akiwa stendi na mtoto wake mwenyewe aliyekuwa analia. Mtu akaipakia Facebook: "Huyu ni mwizi wa watoto, anazunguka maeneo haya." Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshafukuzwa na mawe. Aliponea kwenye duka la Mhindi aliyefunga mlango wa chuma. Mpaka leo akipita kuna watu wanavuta watoto wao.

Sasa mnamwambia afungue kesi ya madai. Wakili atamlipa na nini? Na aliyepakia ni kijana asiye na hata kuku. Ukishinda fidia ya milioni unaichukua wapi? Kesi za madai ni za wakubwa. Mwaka 2002 Nicholas Biwott alipewa shilingi milioni 20 dhidi ya gazeti la The People. Mkulima gani ameshawahi kupewa hizo? Jaji Mativo aliposema fidia inatosha, aliwafikiria wenye mawakili. Mnyonge alikuwa na polisi peke yake, na mlango huo ukafungwa.

#16 Wakili wa Kata
Mwalimu, umegusa penye uchungu. Ila yule kijana hakukashifu tu, alichochea watu wamrukie binadamu. Ibara ya 33 yenyewe haikingi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ilitenganisha mambo haya Desemba 2014 katika kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kuandika kuhusu mwendesha mashtaka. Ilisema jela haifai kwa kashfa, isipokuwa mambo mazito ya pekee kama kuchochea chuki na ghasia. Binamu yako anaingia kwenye hilo la pekee.

#17 Mwalimu Nguzo
Kwenye karatasi anaingia. Kituoni walimwambia hayo ni mambo ya mitandao, aende akasuluhishe. Shangazi aliyeandika ukweli amelala seli siku tatu, na huyu wa uongo hakuguswa. Nani amelindwa hapo?

#18 Nyota ya Kampala
Salaam kutoka Kampala. Huku kwetu mchezo ni uleule ila mrefu zaidi. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, kesi ya waandishi Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikafuta uchochezi dhidi ya serikali, Mwenda tena. Tukafurahi. Mwaka 2011 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, na kifungu cha 25 cha mawasiliano ya kukera. Januari 2023 mahakama ikakifuta hicho nacho. Lakini miezi michache kabla, Oktoba 2022, Bunge lilikuwa limeshapitisha marekebisho mapya ya sheria ileile, na rais ameshatia saini.

Kwa hiyo namuunga mkono Wakili #5. Mahakama inakwenda kwa miguu, Bunge linapanda bodaboda.

#19 Ndovu wa Tsavo
Nyota, na Stella Nyanzi je? Si ndicho kifungu cha 25 kilichomfunga?

#20 Nyota ya Kampala
Hapana. Agosti 2019 alitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa mtandaoni, kifungu cha 24, kwa lile shairi kuhusu Rais Museveni. Kile cha 25 hakikumpata. Alihukumiwa miezi 18, Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020. Wakati huo muda mwingi alikuwa ameshautumikia. Alishinda rufaa akiwa ameshalipa deni.

#21 Mtwara Kuchele
Nimesoma kimya toka jana, sasa na sisi wa Tanzania tuseme. Mnajadili kwa nini hukumu hazitekelezwi Kenya, wenzenu tunatamani tuwe na hizo za kutotekelezwa.

Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu ndogo alitakiwa kulipa 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja kila mwaka. Mashirika yalikwenda Mahakama Kuu hapahapa Mtwara, tukapata zuio la muda mwanzoni mwa Mei. Kabla ya mwezi kuisha kesi ikatupwa. Mimi nilikuwa naandika habari za korosho, bei za minada, vyama vya ushirika vinavyochelewesha malipo. Nilifunga. Hakuna askari aliyenigusa. Ada ilitosha.

#22 Chuma cha Pua
Hiyo ndiyo dawa ya kimya. Hakuna wa kumpigia kelele.

#23 Binti Makorora
Mtwara, usiseme hatuna hukumu. Zipo, tena nzuri. Tatizo letu ni nani wa kuzifanya zitembee. Gazeti la Mseto lilifungiwa na waziri Agosti 2016 kwa miaka mitatu. Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema waziri alivunja Mkataba wa Jumuiya, gazeti lifunguliwe. Lini Mseto, MwanaHalisi, Mawio na Tanzania Daima wakarudishiwa leseni? Februari 2022, kwa mkono wa Waziri Nape Nnauye. Miaka mitatu ya adhabu yenyewe ilishapita zamani! Amri ya mahakama haikufungua mlango, mabadiliko ya upepo wa kisiasa ndiyo yaliyofungua.

#24 Mzee wa Kisauni
Binti, hapo umenipa jibu ambalo sikulitarajia. Lakini kama ni upepo tu, kwa nini watu wanaendelea kwenda mahakamani?

#25 Mbobezi wa Moshi
Kwa sababu hukumu hufanya kazi polepole, Mzee. Machi 2019 Mahakama hiyohiyo ya Afrika Mashariki iliona vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba. Ilikuwa kesi ya Baraza la Habari na mashirika mawili ya haki za binadamu, LHRC na THRDC. Wengi walisema imekufa. Juni 2023 Bunge likarekebisha sheria ile na kashfa ikaondolewa kwenye orodha ya jinai zake. Bila hukumu ya 2019, waliokaa mezani na serikali wangeshika nini mkononi?

#26 Binti Makorora
Mbobezi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015? Kifungu cha 16, habari za uongo, faini *isiyopungua* milioni 5 au jela *isiyopungua* miaka mitatu. Hicho hakikuguswa na mabadiliko hayo unayoyasifia. Mwaka 2016 kijana mmoja Arusha alihukumiwa faini ya milioni 7 au jela miaka mitatu kwa kumtukana rais Facebook. Mlango mmoja umefungwa, dirisha liko wazi.

#27 Karani Mstaafu
Vijana, somo hili la Bunge kuruka juu ya hukumu ni la zamani. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila: mikutano ya hadhara isihitaji kibali cha polisi, na mgombea binafsi aruhusiwe. La kibali, sheria ikabadilishwa, ikabaki kutoa taarifa. La mgombea binafsi, Bunge likaenda kubadili Katiba yenyewe kabla rufaa haijasikilizwa. Mtikila alilibeba mpaka Mahakama ya Afrika, akashinda Juni 2013. Amefariki 2015 hajaliona likitekelezwa.

#28 Wakili wa Kata
Karani, na ongezea hili: Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko la kuruhusu raia na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, ambayo iko ndani ya ardhi yake. Mwaka 2020 ikabadilishwa pia sheria ya kudai haki za msingi, mlalamikaji aonyeshe jambo limemgusa yeye binafsi. Kenya mtu yeyote anaweza kwenda kwa niaba ya wengine, Ibara ya 22. Ndiyo maana nyuzi kama hizi zinajaa kesi za Kenya.

#29 Kabwela
Wakuu, mbona mnalizunguka? Juni 2025 mwalimu kijana alishikwa Homa Bay kwa posti kuhusu ofisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafia kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakataa. Hapo tunaongelea kifungu kipi? Niliandika utani juu kule, lakini hili silitanii. Hakuna hukumu ya Andare wala Okuta inayofika saa nane za usiku seli ya Central.

#30 Mzee wa Kisauni
Mungu amrehemu. Baba yake alimfuata Nairobi na hati ya shamba mkononi, akidhani ataitoa dhamana.

#31 Askari wa Zamu
Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Nilivaa gwanda, sasa nimetoka. Mzee aliuliza jambo linavyotembea kituoni, nitasema.

Kuna simu inayotoka juu. Hiyo ikija, kifungu kinatafutwa baadaye, mtu analetwa kwanza. Hilo la #29 nawaachia mahakama. Lakini zile za kila siku, wakuu, hazitoki juu. Zinatoka mtaani. Jirani kamsema jirani, mke kaandika kuhusu mume, mpangaji kaandika kuhusu mwenye nyumba. Mlalamikaji anakuja na picha ya simu na anataka mwenzake *aletwe*, leo. Ukimwambia hiyo ni kesi ya madai, anakwenda kusema umehongwa. Wananchi wenyewe wanatutuma. Mnadai uhuru wa kusema, na kila mmoja wenu ana mtu anayetaka anyamazishwe.

#32 Mwalimu Nguzo
Mbona binamu yangu hakuletewa wake?

#33 Askari wa Zamu
Alikuja na nani, Mwalimu? Mlalamikaji akija na diwani, daftari linafunguka haraka. Sisemi ni haki. Nasema nilivyoona.

#34 Shangazi Rehema
Asante kwa kusema bila kuficha. Basi niulize: mwenyekiti aliyenipeleka ndani alilipa chochote? Aliapa popote?

#35 Askari wa Zamu
Hapana, shangazi. Anaandika maelezo, anasaini, anakwenda zake. Kuna kosa la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, lakini ni nadra sana kulitumia dhidi ya mlalamikaji wa namna hiyo.

#36 Chuma cha Pua
Oktoba 2025 si marekebisho ya ile sheria ya 2018 yametiwa saini, na Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu za kifungu cha 27 ndani ya siku chache? Kile cha unyanyasaji wa mtandaoni, faini hadi milioni 20. Naona safari hii majaji wamewahi.

#37 Ndovu wa Tsavo
Kusimamishwa si kufutwa, Chuma. Rudi #7.

#38 Shangazi Rehema
Wakili, bado nina swali. Ninaweza kudai chochote mimi, au nimechelewa?

#39 Wakili wa Kata
Shangazi, kama ungedai kashfa, ni ndani ya miezi 12 tangu ichapishwe. Kuidai serikali fidia kwa kukamatwa isivyo halali kwa njia ya kawaida, pia ni miezi 12. Lakini ombi la kikatiba la kuvunjiwa haki halina ukomo wa namna hiyo. Utaulizwa tu kwa nini umekawia, na uwe na maelezo. Weka pamoja namba ya daftari la kituo, jina la ofisa kama unalo, mtu aliyekuletea chakula ile Jumamosi. Risiti za kisima pia. Niandikie pembeni.

#40 Kabwela
Na kisima je, kimechimbwa?

#41 Shangazi Rehema
Bado.

#42 Pemba Kwetu
Samahani kwa kuchelewa. Mnasema "Tanzania" lakini Zanzibar tuna sheria yetu ya magazeti, Namba 5 ya 1988, na Mahakama Kuu yetu. Kuna mtu humu anaijua kesi yoyote ya huku iliyofuta kifungu cha kusema?